"Baridi Yabisi" Isitufiche Maradhi ya Moyo

Miongoni mwa maneno tuliyorithishwa na wazee wetu wa pwani, ni machache yanayotumika kwa wepesi kama "baridi yabisi". Mtu akiumwa na goti, ana baridi yabisi. Akiamka asubuhi vidole havikunjiki, ni baridi yabisi. Mtoto akivimba kifundo cha mguu huku ana homa, ataambiwa vivyo hivyo. Hata mzee ambaye dole gumba la mguu limemwaka moto usiku wa manane baada ya karamu ya nyama hutiwa katika kapu hilo hilo, ijapokuwa lugha yetu ina neno mahsusi la ugonjwa wake, nalo ni "jongo".

Mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa isimu, na sina mamlaka ya kumwandikia mtu hata kidonge kimoja. Lakini yapo mambo ya tiba ambayo huanza kuharibika katika lugha kabla hayajafika hospitalini, na hili ni mojawapo. Ndani ya kapu hili tuliloliita baridi yabisi umo ugonjwa mmoja ambao hauishii kwenye viungo. Huo huweza kuuvimbisha utando wa moyo na misuli yake, na kuiharibu mishipa inayoulisha. Watu wanaugua moyo huku wao wenyewe, jamaa zao, na wakati mwingine hata wahudumu wa zahanati, wanaamini kwamba wanaugua vidole tu.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu: la kwanza tunalijua sote, na la pili maana yake ni kavu. Kuoanishwa kwake kunalingana na tiba ya kale ya Wayunani, ile iliyopangwa na Galen na kisha kuenezwa kwa Kiarabu na wanazuoni kama Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Tiba hiyo ilivigawa vyakula, dawa, tabia na maradhi kwa sifa nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Mabaki yake tunayo hadi leo. Nenda Likoni, Kisauni au Changamwe, nyanya zetu watakwambia kuwa chakula fulani ni cha baridi, asipewe mzazi aliyejifungua juzi.

Kwa hiyo "baridi yabisi" si jina la ugonjwa hasa. Ni maelezo ya chanzo chake kama walivyokifahamu watu wa kale. Na jina likishabeba maelezo ya chanzo, hukuchagulia na tiba. Mvuvi wa Mtongwe huilaumu bahari, dobi huyalaumu maji, na mama aliyelala chini huilaumu saruji. Dawa nayo lazima iwe ya moto: kukandwa kwa maji ya moto, kuchuliwa kwa mafuta ya ufuta, kujifunika. Sina ugomvi na mafuta ya ufuta. Yanaliwaza, na mgonjwa anahitaji kuliwazwa. Ugomvi wangu ni na ile imani kwamba maadamu chanzo kimejulikana, hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Wazungu nao walikuwa na kapu lao. Neno lao la kale kwa maumivu haya latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutiririka, kwani walidhani kwamba maji mabaya hutiririka kutoka kichwani hadi viungoni. Mwaka 1800 kijana mmoja wa udaktari huko Paris, Augustin Landré-Beauvais, aliandika tasnifu kuhusu wanawake aliowaona hospitalini, akisema kwamba maradhi yao ya viungo hayafanani na jongo lililozoeleka. Mwaka 1859 Alfred Baring Garrod wa London akaupa ugonjwa huo jina linalotumika mpaka sasa, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulitamka athritisi ya rumatoidi. Kiishio cha neno hilo la pili maana yake ni "kinachofanana na". Yaani Garrod alisema: ugonjwa huu wafanana na ule mwingine, lakini si huo. Tofauti hiyo ya kiishio kimoja ilifungua mlango wa tiba tofauti.

Basi na tulimwage kapu letu tuone kilichomo. Kuna uchakavu wa viungo wa uzeeni, ambapo gegedu hulika, hasa gotini na nyongani. Kuna jongo, ambalo husababishwa na chembe za asidi ya uriki kuganda ndani ya kiungo. Kuna homa ya baridi yabisi, ambayo aghalabu huwapata watoto wa kati ya miaka 5 na 15, majuma mawili hadi manne baada ya kuumwa na koo kwa sababu ya bakteria waitwao streptokoki. Na kuna hii athritisi ya rumatoidi, ambapo kinga ya mwili, iliyoumbwa kupigana na wadudu wa maradhi, humgeukia mwenyewe na kushambulia utando laini wa viungo.

Viwili vya mwisho ndivyo vinavyougusa moyo zaidi kwa kuuvimbisha, na ndivyo vinavyochanganywa zaidi. Homa ya baridi yabisi huhama: leo goti, kesho kifundo, keshokutwa kiwiko. Kisha viungo hupona bila kovu, lakini vali za moyo hubaki zimeharibika. Athritisi ya rumatoidi haihami hivyo, bali hujenga makao. Hupenda viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja. Mgonjwa huamka amekakamaa kwa saa nzima au zaidi, na akiachwa bila tiba, vidole hupinda. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na wengi huanza kuugua wangali na nguvu za kazi na ulezi. Homa ya baridi yabisi hukingwa isirudi kwa sindano za penisilini za kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi. Sindano hizo hazimfai kitu mwenye rumatoidi. Anayeuchukua ugonjwa huu kwa jina la ule hupoteza miaka.

Moyo huingiaje? Kinga iliyoasi haina mipaka ya viungo. Utando unaoufunika moyo una ukoo na utando wa viungo, nao huvimba, na pengine maji hukusanyika kati ya tabaka zake mbili. Uchunguzi wa picha za moyo na wa maiti uliofanywa ng'ambo umeonyesha alama za jambo hili kwa takriban thuluthi moja au zaidi ya wenye rumatoidi, ilhali wanaohisi dalili ni chini ya mmoja katika kumi. Mara chache misuli yenyewe ya moyo huvimba, na hapo moyo hushindwa kusukuma damu. Lakini adui mkubwa kuliko hao ni yule asiyeonekana: uvimbe wa miaka na miaka huharakisha kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo. Ndiyo maana wataalamu wa Ulaya wanashauri kwamba hatari ya maradhi ya moyo iliyokadiriwa kwa mtu wa kawaida izidishwe kwa 1.5 akiwa ana rumatoidi.

Hapa ndipo lugha inaporudi tena, sasa ndani ya chumba cha daktari. Jirani yangu mmoja, mwalimu aliyefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka 20, alikuwa hawezi tena kushika chaki kabla ya saa nne asubuhi. Kwa miaka kadhaa alikuwa akinunua vidonge vya maumivu dukani. Siku moja kifua kilimshika, akaenda zahanati. Mhudumu, kijana kutoka bara, akamuuliza kwa adabu: "Mama, moyo unauma?" Akajibu: "La, mwanangu, moyo hauniumi. Ni hapa kwenye chembe cha moyo, na moyo wanichafuka." Mswahili wa Mombasa anajua kwamba chembe cha moyo ni pale chini ya kidari, na kwamba moyo kuchafuka ni kutaka kutapika. Kijana aliandika vidonda vya tumbo, akampa dawa ya kutuliza asidi. Hakukosa hekima. Alikosa Kiswahili cha mgonjwa wake, na jibu alilopewa lilikuwa sahihi kwa swali aliloliuliza.

Majuma mawili baadaye daktari mwingine alimuuliza kwa namna nyingine: "Ukilala chali maumivu yazidi au yapungua? Na ukiinamia mbele je? Ukivuta pumzi ndefu?" Mwalimu akasema: "Nikilala huzidi, baba. Siku hizi hulala nimeketi, nimeegemea mito." Sentensi hiyo moja ilifanya kazi ya nusu ya vipimo. Maumivu yanayozidi mtu akilala au akivuta pumzi, na kupungua akiinama mbele, ndiyo sauti ya utando wa moyo uliovimba. Picha ya moyo ilionyesha maji.

Nimeuliza madaktari ninaowaamini jinsi kazi hii ifanywavyo, na muhtasari wake ni huu. Kwanza ni kusikiliza, kwa masikio na kwa chombo, kwani utando uliovimba huweza kutoa mkwaruzo kama wa ngozi inayosuguliwa. Kisha kipimo cha umeme wa moyo, eksirei ya kifua, na hasa eko, yaani picha itokanayo na mawimbi ya sauti, ambayo huonyesha maji, vali na nguvu ya misuli bila kumchoma mtu. Damu hupimwa ESR na CRP ili kujua ukali wa uvimbe, na troponini ili kujua kama misuli ya moyo imedhurika. Kwa upande wa viungo hupimwa kingamwili za rumatoidi, lakini kipimo hicho pekee si hukumu: wako wagonjwa wasiokuwa nazo, na wako watu wenye maradhi mengine, kifua kikuu kikiwamo, ambao wanazo.

Nimekitaja kifua kikuu makusudi. Barani Afrika ndicho sababu kubwa ya maji kujaa kuzunguka moyo, na daktari wa Mombasa hawezi kufuata kitabu cha London neno kwa neno. Dawa za rumatoidi hupunguza kinga. Ukimpa mtu mwenye kifua kikuu kilichojificha bila kumtibu nacho, umemfungulia chui zizi. Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa wagonjwa 1,400 katika nchi 8 za Afrika waliokuwa na kifua kikuu cha utando wa moyo. Predinisoloni haikupunguza vifo, ijapokuwa ilipunguza kukakamaa kwa utando huo, na kwa wenye virusi vya Ukimwi iliongeza baadhi ya saratani. Kwa hiyo kabla ya kusema "ni rumatoidi yake tu", ni sharti kifua kikuu na virusi vya Ukimwi vichunguzwe.

Tiba ina ngazi zake. Utando wa moyo ukivimba, hutumika dawa za kupunguza uvimbe, pengine pamoja na kolichisini, na predinisoloni palipo haja. Maji yakiwa mengi hata yakaukaba moyo, mgonjwa akawa anahema, mishipa ya shingo imetuna na shinikizo la damu limeshuka, hiyo ni dharura na maji hayo hunyonywa kwa sindano. Lakini haya ni kuzima moto tu. Kuondoa kuni ni kuitawala rumatoidi yenyewe kwa dawa kama methotreksati, salfasalazini na hidroksiklorokwini, hii ya mwisho ikiwa ndugu wa ile klorokwini ya malaria ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa uchungu wake na mwasho wake. Ziko dawa mpya zaidi zilizo ghali. Na sambamba na hizo ni kupima shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu, na kuacha sigara, ambayo huchochea rumatoidi na maradhi ya moyo kwa pamoja.

Vidonge vya maumivu vya dukani haviponyi rumatoidi. Vinafunika moshi. Vikitumika kwa muda mrefu bila uangalizi vyaweza kutoboa tumbo, kudhuru figo, kupandisha shinikizo la damu na kuuongezea moyo hatari ile ile tunayoikimbia. Nayo predinisoloni, inayomfanya mtu ajione amepona kwa siku mbili, huuzwa kwa urahisi wa kutisha. Kuizoea ni hatari, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea ni hatari vile vile.

Nisameheni nikirudi kwenye fani yangu, kwani ipo hatari nyingine ambayo ni ya sarufi tupu. Methotreksati kwa ugonjwa huu humezwa siku moja tu kwa juma. Anayeimeza kila siku aweza kufa, kwa sababu huzuia uboho kutengeneza damu. Sasa fikiria maelezo ya dawa katika lugha yetu. "Meza mara moja": je, ni mara moja kwa hesabu, au mara moja kwa maana ya sasa hivi? "Mara moja kwa wiki", kwa mgonjwa aliyezoea maisha yake yote kuambiwa "kutwa mara tatu", huweza kupotea njiani kati ya dirisha la dawa na nyumbani. Dawa ya tatizo hili haigharimu senti. Itajwe siku: "Kila Jumamosi. Siku nyingine usiimeze kabisa." Mgonjwa airudie kwa kinywa chake, na iandikwe kwenye pakiti kwa Kiswahili. Vile vile mwanamke aambiwe waziwazi kwamba dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni, wala asiachwe akisie kutokana na maneno ya stara.

Neno "uvimbe" nalo latutesa. Tunalitumia kwa jipu, kwa saratani, kwa fibroidi na kwa kiungo kilichowaka. Mama akiambiwa "moyo wako una uvimbe", hufahamu kwamba ana saratani ya moyo, akarudi nyumbani kuandika wasia badala ya kwenda kuchukua dawa. Daktari akisema "utando unaofunika moyo wako umevimba na una maji, nasi tutautibu", atakuwa ametumia maneno mengi zaidi lakini atakuwa amesema jambo moja tu.

Kwa nini nawaandikia walimu na wanafunzi? Kwa sababu ninyi mko kwenye mlango ambao maneno hupitia kuingia nyumbani. Mwanafunzi anayejifunza darasani tofauti ya jongo, homa ya baridi yabisi na rumatoidi huipeleka tofauti hiyo kwa nyanya yake jioni ile ile. Mwalimu ndiye anayeona kwanza mtoto mwenye koo bovu, na majuma machache baadaye mtoto yule yule akichechemea. Katika utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021, watoto na vijana 102,200 walipimwa mioyo. Miongoni mwa 818 waliokutwa na dalili za mwanzo za kuharibika kwa vali na kufuatiliwa kwa miaka miwili, waliozidiwa katika kundi lililopata penisilini kila mwezi walikuwa asilimia 0.8, na katika kundi lisiloipata asilimia 8.2. Tofauti hiyo ilitokana na penisilini, iliyowezekana kwa kujua mapema kwamba hiki si "baridi" ya kukandwa.

Na kwa watu wazima, kanuni ni rahisi kukumbuka. Viungo vidogo vya mikono vikivimba kwa zaidi ya majuma sita, pande zote mbili, na asubuhi ikawa adhabu, huyo asipelekwe dukani kununua vidonge, apelekwe kwa daktari. Mwenye rumatoidi aliyeanza kuumwa na kifua, kuhema akipanda ngazi au kuvimba miguu, asingoje siku ya kliniki.

Najua mzigo uliopo. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache nchini na wengi wao wamo Nairobi. Sisi wa Likoni ni sharti tuvuke feri kwenda hospitali kuu iliyoko kisiwani, na mtu wa Kisauni au Changamwe ana foleni zake za matatu. Kumwambia mwanamke asiyeweza kukunja ngumi ashike chuma cha feri saa moja asubuhi katikati ya msongamano si jambo dogo. Hiyo ni hoja ya kuidai serikali ya kaunti ilete kliniki ya viungo na mashine ya eko, pamoja na mtu wa kuitumia, kwenye hospitali za upande huu wa bara. Haiwi hoja ya kukaa nyumbani na mafuta ya ufuta.

Jirani yangu alikutwa hana kifua kikuu. Alitibiwa, maji yakakauka, na sasa huvuka kila mwezi kufuata dawa zake. Vidole vyake viwili havitanyooka tena, na hakuna atakayemrudishia miaka ile aliyoambiwa ni baridi tu. Kati ya wasomaji wa ukurasa huu, wako wanaojua mtu aliye katika miaka hiyo hivi sasa. Muulizeni leo vidole vyake huamkaje, na yeye hulalaje usiku.